Banda la kenge Tanga: jua lipo, kazi ni maji na chumvi

Maelekezo mengi ya kufuga mijusi wakubwa yametoka nchi za baridi. Yamejaa taa, mashine za joto na masanduku ya kioo, kwa sababu kule jua ni la msimu. Mtu wa Chumbageni au Pongwe akiyafuata neno kwa neno atamwoka mnyama akiwa hai. Huku joto lipo, tena la bure. Yanayoharibu banda la kenge pwani ni mambo matatu: maji ya masika yanayotuama chini ya udongo, kivuli kilichosahaulika, na chumvi ya bahari inayokula wavu taratibu mpaka siku moja mnyama anaukunja kwa kucha na kujiondokea.

Banda linaloelezwa hapa ni la nje, la kenge mmoja mzima wa nchi kavu, yule mwenye koo jeupe (Varanus albigularis). Kenge wa maji (Varanus niloticus) ana mahitaji yake, tutamfikia.

Kabla ya tofali la kwanza, kibali. Kenge ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumkamata na kumweka nyumbani kwa hiari yake. Pa kuanzia ni ofisi ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na ukienda na mchoro wenye vipimo mazungumzo yanakuwa mepesi. Kenge wote wawili wamo pia katika Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka ni suala jingine kabisa. Yule anayekatiza uani kwako akinusa mayai ya kuku mwache apite.

Ukubwa

Kenge wa koo jeupe aliyekomaa hupimwa mita 1 hadi 1.5 kutoka puani hadi ncha ya mkia, na wengine huvuka hapo. Ni mnyama wa kutembea. Kule Etosha, Namibia, dume mmoja huzunguka eneo la kilomita za mraba kadhaa. Hakuna banda litakalompa hilo, lakini kuna kiwango ambacho ukishuka chini yake mnyama ananenepa, analegea, na kucha zinakua mpaka zinapinda.

Chukua urefu wa mnyama mzima, si wa huyo mtoto uliye naye leo. Urefu wa banda uwe mara tatu ya huo, na upana mara mbili. Kwa kenge wa mita 1.5 tunapata mita 5 kwa mita 3 kwa ndani, baada ya kuongeza kidogo kwenye urefu. Kutoka usawa wa udongo hadi juu weka mita 2.2, kwa sababu anapanda magogo, na kwa sababu wewe utaingia humo kila siku kusafisha. Banda la kuinama halisafishwi vizuri.

Mmoja kwa banda. Madume wawili watapigana, na hata dume na jike wakiwekwa pamoja, mwenye nguvu atakalia jiwe la jua na chakula, mwingine atadhoofu polepole bila kidonda chochote cha kukushtua.

Mahali na mwelekeo

Chagua sehemu iliyoinuka. Njia rahisi ya kuijua ni kuangalia uwanja nusu saa baada ya mvua kubwa ya Aprili: pale palipokauka kwanza ndipo pa kujenga. Usijenge chini ya mwembe wala mnazi. Mwembe unaziba jua, na dafu moja likianguka kutoka juu linatosha kutoboa paa, au kumvunja mnyama mgongo.

Urefu wa banda uelekee mashariki–magharibi. Sababu ni jua la asubuhi. Kenge anaamka akiwa baridi, na saa mbili za kwanza za jua ndizo zinazoamua kama chakula cha jana kitameng'enywa. Mwezi Juni, saa 2 asubuhi, jua bado liko chini upande wa kaskazini-mashariki. Ukuta wa mashariki uliosimama mita 1 juu ya udongo unatupa kivuli cha kama mita mbili na nusu kuelekea magharibi, na ule wa kaskazini unatupa cha mita moja na robo. Ukiweka jiwe la kuotea jua katikati ya banda au kona ya kaskazini-mashariki, litakuwa gizani wakati mnyama analihitaji. Mahali pake ni kona ya kusini-magharibi, kama mita 1 kutoka kila ukuta. Hapo jua linafika mapema kusi na kaskazi, na ukuta wa kusini unamkinga mnyama na upepo wa kusi unaovuma miezi ile ya baridi.

Msingi, maji na udongo

Hapa ndipo wengi wanapotaka kuokoa pesa, na hapa ndipo banda linapokufa.

Kosa la kawaida ni kuchimba shimo, kulizungushia ukuta na kurudishia udongo ndani. Masika ikija, shimo hilo ni ndoo. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, na pango alilochimba kenge linajaa kutoka chini. Mnyama aliyelala kwenye tope siku tatu mfululizo anaanza kutoa povu puani na kupumua kwa kujivuta. Mapafu hayo.

Kwa hiyo sakafu inainuliwa juu ya ardhi ya nje, hivi:

1. Chimba mtaro wa msingi wenye kina cha sm 50, mwaga zege jembamba la kusawazishia.
2. Jenga ukuta kwa tofali za inchi 6 zilizolazwa, unene wa inchi 9, kutoka msingini hadi sm 80 juu ya ardhi. Sehemu hii inabeba udongo uliolowa, na udongo uliolowa unasukuma. Ukuta mwembamba wa tofali zilizosimama utapasuka katikati ya ule urefu wa mita 5.
3. Juu ya hapo simamisha tofali kawaida, mita 1 nyingine. Funga kwa mkanda wa zege wenye nondo mbili za mm 10.
4. Wakati wa kujenga, usawa wa ardhi, pitisha mabomba ya plastiki ya inchi 2 kila mita moja na nusu, yakiinama kidogo kuelekea nje. Ziba mdomo wa ndani kwa wavu mdogo ili panya wasifanye njia.
5. Ndani mwaga kokoto sm 10. Juu yake panga mawe bapa ya chokaa, yale yanayochimbwa upande wa Pongwe na Amboni, sm 10 nyingine, yakae karibu karibu kiasi cha kucha kutopita. Maji yanapenya katikati yao, kenge hapenyi. Wapo wanaotandika wavu badala ya mawe. Ndani ya udongo wenye unyevu mwaka mzima wavu unaoza bila wewe kuuona, na utajua siku banda limebaki tupu.
6. Jaza udongo sm 60. Kona ya kaskazini-mashariki uinue uwe kichuguu cha sm 100.

Tofali andaa kama 450, pamoja na zitakazovunjika. Udongo ni mita za ujazo 9 ukishakaa, kwa hiyo agiza 12, maana ukimwagiwa maji unazama na kichuguu nacho kinakula chake.

Udongo wenyewe: sehemu tatu za udongo mwekundu na mbili za mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Una chumvi, na haushikani, pango linamwangukia mnyama akiwa ndani. Mfinyanzi mtupu nao kiangazi unakuwa kama sakafu ya zege. Kipimo ni cha mkono: lowesha konzi moja, ikaze, kisha itoboe kwa kidole hadi katikati. Ukichomoa kidole na tundu likabaki wazi, udongo unafaa. Likijiziba, punguza mchanga. Donge likipasuka vipande vikavu, ongeza maji kwanza ujaribu tena kabla ya kulaumu mchanganyiko.

Kwa nini udongo wote huu? Kenge ana kucha za kuchimba, na chini ya ardhi ndiko anakopata ubaridi wa saa saba mchana na unyevu wa kumsaidia kuvua gamba. Jike akikosa pa kufukia mayai anaweza kuyazuia tumboni mpaka yakamwua, na katika aina hii mzao mmoja unaweza kufika makumi kadhaa ya mayai. Kichuguu cha mita 1 ni kwa ajili hiyo. Mwagia maji kichuguu hicho mara moja kwa juma wakati wa kiangazi, kipate unyevu hadi chini, juu pabaki pakavu.

Ukuta na wavu

Ule ukuta wa mita 1 juu ya udongo hauko pale kwa nguvu peke yake. Kenge anayeona nje kupitia wavu ataamini kuna njia, na atasukuma pua hapo asubuhi hadi jioni mpaka ngozi itoke na mfupa uonekane. Asipoona kitu hajisumbui. Ndani upigwe plasta laini na kusuguliwa kwa niru (uji wa saruji), kwa sababu plasta ya kukwaruza ni ngazi kwake, na pia haisafishiki.

Juu ya ukuta na paani funga wavu mgumu wa kuchomelewa, mafundi wanauita weldimeshi, wenye matundu ya inchi 1 kwa inchi 1 na waya usiopungua mm 2.5. Utahitaji mita za mraba kama 36, paa likiwemo. Waya wa kuku ni wa kuku: kenge mzima anauchana, na kabla hajauchana anaweza kunasa ukucha humo na kuung'oa. Paa la wavu lisiachwe. Licha ya kwamba kenge anapanda, kunguru wa Tanga hawana adabu, wataingia kula nyama na kudonoa mnyama aliyezubaa juani.

Chumvi sasa. Nunua wavu uliochovywa zinki baada ya kuchomelewa, si kabla. Utautambua kwa vifundo: kwenye ule mzuri zinki imejaa mpaka kwenye maungio, kwenye ule wa bei rahisi kila kifundo kina doa jeusi la moto. Doa hilo ndilo litakaloanza kuwa jekundu. Vivyo hivyo kwa fremu ya skwea paipu ya mm 40: kila mahali fundi alipochomelea zinki imeungua, kwa hiyo siku ileile pasuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili. Fundi atakwambia atakuja kupaka wiki ijayo. Usimlipe mpaka apake.

Wavu ufungwe upande wa ndani wa fremu. Mnyama akisukuma, anausukuma dhidi ya chuma. Ukifungwa kwa nje, anausukuma utoke. Ncha zote zikunjwe kuelekea nje. Na usifunge kwa ule waya mweusi wa kufungia nondo, maana Raskazone, kando ya bahari, haumalizi masika mbili. Tumia uliopakwa plastiki au wa zinki, fundo kila sm 15. Kila mwezi pita na koleo, vuta fundo moja moja kwenye sehemu za chini na upande wa bahari.

Fremu ya miti inawezekana. Mvinje uliokauka unafaa. Boriti za mikoko zinadumu kuliko zote lakini zina kibali chake, na mlingoti wa mkonge, hata kama umejaa kila mahali, ni mwepesi mno kubeba wavu wa uzito huu.

Jiwe la kuotea jua

Kenge hana joto lake mwenyewe. Analitafuta kwa miguu: anapanda jiweni, anaiva, anashuka, anaingia kivulini, anarudi. Banda zuri ni lile linalompa sehemu ya moto sana, sehemu ya ubaridi, na hatua za kati, ili yeye achague. Wewe huchagui kwa niaba yake.

Bamba la zege au jiwe bapa lenye urefu wa sm 120, upana wa sm 60 na unene wa sm 6 hivi, likiinuliwa sm 40 juu ya udongo, linatosha. Mwili wote, kutoka pua hadi shina la mkia, ulale juu yake kwa pamoja. Jiwe dogo linamchoma tumbo wakati mgongo bado baridi. Rangi ya kijivu iliyokoza inashika joto vizuri. Usilipake rangi ya mafuta.

Uso wa jiwe ufike nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi ifikapo saa 5. Ndiyo, ni moto wa kuunguza kiganja chako, na kenge wa savana wanautafuta, wanakaa dakika chache na kuondoka. Kivulini hewa iwe nyuzi 26 hadi 30, na ndani ya pango pungufu ya hapo. Kupima tumia kipimajoto cha bunduki cha mafundi wa mafriji au wa magari. Vile vya paji la uso vilivyojaa wakati wa korona havifai, vimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu na vikielekezwa jiweni vinaandika kosa tu.

Pima saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 na saa 10, sehemu tatu: jiweni, katikati, na kivulini. Fanya hivyo siku tatu kabla ya kuingiza mnyama. Ikiwa saa 7 mchana hakuna sehemu iliyo chini ya nyuzi 32, banda halijaisha.

Kivuli, mafichoni na gogo

Theluthi ya banda, upande wa mashariki, iezekwe kwa makuti juu ya wavu. Bati lisiwe karibu: linageuza upande wa baridi kuwa tanuri. Makuti yaelekeze mteremko kaskazini au kusini, na yasishuke chini ya mita 2, maana jua la saa 2 asubuhi linapita chini yake kwenda kwenye jiwe. Neti ya kijani ya bustani tumia nje ya wavu tu, ndani itamnasa kucha.

Zika bomba la karavati la kipenyo cha sm 35, urefu wa sm 120, likiinama kuelekea kwenye kichuguu. Mafichoni pawe pa kubana. Kenge anataka mgongo uguse dari, shimo pana kama stoo halimtulizi. Bomba la pili liwe upande wa jiwe, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Hilo ni kosa dogo kwenye mchoro na kubwa kwa mnyama, maana mwoga ataacha joto kuliko kuacha maficho.

Gogo la mwembe lililopinda, kipenyo sm 20 au zaidi, lifungwe imara kwa bolti. Gogo la mnazi litaoza na kuingia chonga (mbawakawa wa minazi), ambao kenge atawachimbua na kuwala, kwa hiyo si hasara tupu. Mnyaa usipandwe wala kuwa ua wa karibu, utomvu wake unaumiza macho. Mimea mingine ataifukua mwenyewe, usihangaike sana.

Maji

Karo la sm 120 kwa 80, kina sm 35, lenye upande mmoja wa mteremko wa kukwaruza ili apande bila kuteleza. Hilo linabeba lita 250 hadi 300, na atalichafua, kwa sababu kenge akiingia majini anajisaidia. Bomba la kutolea liwe la inchi 3. La inchi moja na nusu litaziba kwa udongo na manyoya wiki ya kwanza, kisha utakuwa unachota kwa kopo, kisha utaanza kuruka siku. Maji yakibadilishwa kila siku au siku mbili, viluwiluwi vya mbu navyo havipati muda.

Zege jipya lina ukali wa chokaa. Jaza karo, acha siku mbili, mwaga, sugua, rudia mara tano au sita kabla ya kumruhusu mnyama. Liweke katikati ya banda, nusu kivulini. Likiwa juani kutwa, maji ya Februari yanakuwa supu.

Mlango na sanduku la kufungia

Milango iwe miwili, na kati yake chumba cha mita 1 kwa 1.2. Unaingia, unafunga wa nyuma, ndipo unafungua wa mbele. Kizingiti cha ndani kiinuke sm 30 juu ya udongo, bawaba tatu, komeo la juu na la chini, na kufuli. Kufuli ni kwa ajili ya watoto wa mtaa kuliko kenge. Mlango ufunguke kuelekea ndani, mnyama akiusukuma anaufunga.

Kitu ambacho michoro mingi inakosa ni sanduku la kufungia. Jenga chumba kidogo cha sm 150 kwa 80, kimo sm 60, kimeegemea ukuta upande wa kivuli, chenye mlango wa kupandisha unaovutwa kwa kamba ukiwa nje. Mlishe humo mara kwa mara azoee kuingia. Siku ya kusafisha, au ya daktari wa mifugo, unashusha mlango na kufanya kazi kwa amani. Bila hilo utalazimika kumkamata, na mkia wa kenge unachapa kama bakora, meno hayaachii haraka, na baada ya hapo atakuogopa mwezi mzima. Mikono ioshwe kwa sabuni kila unapotoka. Mijusi hubeba vimelea vya salmonela bila wao kuumwa.

Siafu

Wanakuja na mvua, usiku, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Zungusha nje ya ukuta mfereji wa zege wa upana wa sm 15 na kina cha sm 10, uwe na maji wakati wa vuli na masika, na usiruhusu tawi au jani lolote liegemee ukutani kama daraja. Yale mabomba ya kutolea maji yamwagie ndani ya mfereji. Hakikisha lakini kingo za nje za mfereji hazizidi usawa wa mabomba, usije ukarudisha maji uliyohangaika kuyatoa. Dawa za kupuliza ziache, kenge atazilamba.

Kama ni kenge wa maji

Msingi na ukuta ni vilevile, lakini banda liwe kubwa zaidi, mita 6 kwa 4 si anasa, kwani huyu anaweza kuvuka mita 2. Karo linakuwa bwawa: mita 3 kwa 2, kina sm 80, aweze kuogelea na kuzama. Maji ya wingi huo bila pampu na chujio yatanuka siku ya tatu, na majirani watajua. Kama huna chanzo cha maji cha uhakika, usimfuge huyu. Magogo yaning'inie juu ya maji, maana akishtuka anajirusha.

Mtoto wa kenge

Asiwekwe banda kubwa mapema. Atapotea ndani ya udongo, hutajua kama anakula, na nguchiro au paka anaweza kumfikia. Miezi ya kwanza tumia sanduku la mbao la sm 120 kwa 60 kwa 60, juu wavu, udongo sm 25. Ndani ya nyumba atahitaji taa: balbu za LED zilizojaa madukani hazitoi joto la maana, tafuta taa ya vifaranga, iwekwe kwenye soketi ya kauri na kuzungushiwa wavu asiifikie. Asubuhi mtoe nje juani saa moja au mbili, nusu ya sanduku ikiwa kivulini, apate mwanga unaosaidia mifupa kushika madini. Mwanga huo haupiti kwenye kioo. Na sanduku la kioo likiwekwa juani linaua kwa dakika, hata asubuhi.

Kulisoma banda kwa kumtazama mnyama

Waswahili husema kenge hasikii mpaka atoke damu masikioni. Anasikia, tundu la sikio liko wazi nyuma ya jicho. Asiyesikia mara nyingi ni mfugaji, wakati mnyama anaeleza kila siku.

Siku ya kawaida iko hivi: saa 2 anatoka akiwa mweusi mweusi, analala jiweni amejitandaza kama chapati, mbavu zimepanuka. Saa 4 rangi imefunguka na anaanza kuzunguka, ulimi ukiingia na kutoka. Saa 6 yuko pangoni. Saa 10 anarudi kidogo.

Akikaa jiweni kutwa, jiwe halifiki joto. Pima, na tafuta tawi gani limeota na kuziba jua. Akikaa mdomo wazi na koo likicheza hata kivulini, upande wa baridi haupo, ongeza makuti leo. Asipotoka kabisa siku nne, ama anaogopa kitu, mara nyingi mbwa, ama udongo wa pangoni umelowa. Ingiza mkono kwenye udongo, si kwenye pango. Vidole au ncha ya mkia vikibaki na pete za gamba la zamani, kiangazi kimekausha kichuguu, mwagia maji. Shina la mkia likinenepa na mashavu yakining'inia, punguza nyama na mayai, ongeza konokono, panzi na kaa ambao atawatafuta mwenyewe. Taya likiwa laini au miguu ikitetemeka, hilo ni la daktari siku hiyohiyo, kisha uangalie chakula chake na saa anazopata za jua.

Na ukikuta udongo mpya umerundikwa kwenye kona moja kila asubuhi, nenda nje ya ukuta kona hiyohiyo ukaangalie mabomba. Mara nyingi moja limeziba, pamekuwa na unyevu, na yeye ameshagundua kwamba hapo udongo ni laini.